Bahari Ipandapo Mtoni

(Hotuba ya Halmashauri ya Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyacheki)



Bwana Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu, nasi tuliziona nyuso zenu alipoufikia mstari uitwao "Mkopo wa Pwani". Mstari huo umo katika vitabu vyetu tangu mwaka 2022, na kila mwaka huulizwa. Mwaka jana mzee mmoja alisimama akasema: "Watu hao wanakaa kando ya mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Yawezekanaje mtu akae mtoni na huku aombe maji?" Wengi walicheka, na sisi wa Halmashauri tulicheka pamoja nao, kwa kuwa hatukuwa na jibu fupi.

Safari hii tumeona ni haki jibu litolewe kwa urefu, lipigwe chapa katika kitabu hiki, ili hata asiyekuwapo leo apate kulisoma. Tukimaliza, tutawaomba mkate shauri juu ya deni hilo. Twataka mlikate mkiwa mmejua mambo yote, pamoja na yale yasiyotupa sifa sisi wenyewe.

Kwanza tuwakumbushe habari yenyewe. Nyumba nne za wanachama wetu zilikuwa zikiishi karibu na Kipini, mahali ambapo Mto Tana huingia katika Bahari ya Hindi. Wawili katika wenye nyumba hizo walipelekwa huko kwa kazi ya ualimu, na wawili waliwafuata kwa biashara ndogo. Wenyeji waliwapokea vizuri, na kwa idhini ya wazee wa huko wakakodishiwa majaruba ya mpunga. Walilima misimu kadhaa, wakala, wakauza, na michango yao ya Chama ilifika kwa wakati. Hakuna mwaka waliokuwa na deni.

Kisha mvua zikakatika. Mvua za vuli za mwaka 2020 hazikutosha, wala masika ya 2021, wala vuli ya 2021, wala masika ya 2022, wala vuli ya mwaka huo. Misimu mitano ilifuatana hivyo katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini ya Kenya, na mwezi wa Septemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa ukame ni msiba wa taifa. Sisi hapa Kisii, ambao kwa mwaka wa kawaida hupata mvua zaidi ya milimita 1,500, tuliusikia ukame huo redioni zaidi kuliko tulivyouona mashambani.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 tulipata habari kwa simu kutoka kwa mama mmoja wa nyumba hizo. Alisema: "Wanangu, chai tunayopika ina ladha ya chumvi, na mpunga umeanza kuwa mwekundu kwenye ncha." Tulimsikiliza kwa adabu, lakini tulidhani anaeleza shida moja kwa maneno mengi, na shida yenyewe ni upungufu wa maji. Kwa fikira za mtu wa milimani, shamba likikauka na mto uko jirani, dawa ni kuyavuta maji. Basi tukakutana, tukatoa fedha katika mfuko wa maafa, tukanunua pampu ya petroli pamoja na mpira wake, tukaipeleka Kipini kama mkopo. Tulifurahi sana siku ile. Kumbukumbu za mkutano ule zinasema kwamba Halmashauri "imemaliza jambo la Pwani".

Pampu ilifika, ikawashwa. Vijana wetu waliungoja wakati mto umejaa sana, kwa maana hapo maji yalikuwa karibu na ukingo na mpira mfupi ulitosha. Mdomo wa mpira walifungia jiwe ili uzame mpaka chini, usije ukavuta hewa. Walipiga maji siku tatu mfululizo, na majaruba yakajaa yakang'aa. Haikupita wiki mbili, mpunga uliokuwa unakaribia kuchanua ukakauka wote huku umesimama majini. Maji yalipokwisha kukauka, udongo ukabaki na unga mweupe juu yake kama jivu. Mzee mmoja mwenyeji, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alikuja akautazama mpunga ule, akachovya kidole katika jaruba, akaonja. Kisha akasema, "Pampu haina ulimi."

Ndugu wanachama, maneno yale matatu yametufundisha zaidi ya vikao vyetu vyote vya mwaka ule. Maana sisi tuliipeleka pampu mahali ambapo watu, kabla ya kufungulia maji yaingie shambani, huyaonja kwanza. Hatukuuliza kwa nini huyaonja.

Sasa tulijibu swali la mzee wetu.

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, yaani kama vijiko sita vya chai. Chumvi hiyo huyafanya kuwa mazito. Lita moja ya maji ya mto ina uzito wa kilo moja. Lita ya maji ya bahari huizidi kwa gramu 25 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji ya bahari yashuke chini ya maji ya mto yanapokutana, kama vile asali ishukavyo chini ya maji ikimiminwa polepole. Basi kwenye mlango wa mto kuna shindano la kudumu: mto wasukuma kuelekea baharini, na bahari yajipenyeza chini, ikitambaa juu ya sakafu ya mto kuelekea bara. Kujaa na kupwa huyachanganya maji hayo kwa sehemu, ila mara nyingi ya chini hubaki na chumvi kuliko ya juu.

Mto ukiwa na nguvu, bahari husimamishwa mlangoni. Mto ukidhoofika kwa ukame, bahari hupanda. Wala haihitaji dhoruba wala mawimbi. Hupanda kimya kimya, na mtu aliye ukingoni aona maji yale yale, rangi ile ile, yakipita mbele ya mlango wake.

Kisha kuna mwezi. Watu wa Pwani wanajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo. Katika pwani yetu ya Kenya, wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Na nchi ya delta ya Tana ni tambarare kama meza, kwa hiyo bahari ikiinuka, msukumo wake husikika mbali sana ndani ya mto.

Hapo ndipo penye ajabu ambayo sisi hatukuijua. Wakulima wa mpunga wa Ozi na vijiji jirani, ambao wengi wao ni Wapokomo, tangu zamani wameitumia bahari iwanyweshee mashamba. Bahari inapojaa huyazuia maji ya mto yasitoke, na maji hayo matamu huinuka, yakaingia katika mifereji yao na kuenea majarubani bila mashine na bila gharama. Bahari inapokupwa, maji hurudi. Ni akili kubwa, lakini inategemea sharti moja: mto uwe na nguvu ya kutosha, ili yale yanayoinuliwa na bahari yawe maji ya mto. Mto ukidhoofika, kujaa kule kule kulikoleta riziki huleta chumvi. Ndiyo sababu ya kuonja.

Mnaona basi makosa yetu yalivyopangana. Tulipiga maji wakati wa kujaa, na siku zenyewe zilikuwa za bamvua. Tuliuzamisha mpira mpaka chini, palipo na maji mazito. Tena tulifanya hivyo mwishoni mwa kiangazi cha kaskazi, mto ukiwa mdogo. Kama tungetaka kwa makusudi kuyatafuta maji yenye chumvi kuliko yote, tusingepata njia bora.

Na kwa nini mpunga ufe majini? Mzizi huvuta maji kutoka udongoni kwa sababu ndani ya mzizi mna chumvichumvi zaidi kidogo kuliko nje. Maji ya nje yakizidi kuwa ya chumvi, mzizi hushindwa kuvuta, na mmea hufa kwa kiu huku umesimama majini. Mpunga haustahimili: gramu mbili au tatu za chumvi katika lita yatosha kuuharibu, hasa ukiwa miche au unapochanua. Vivyo hivyo mtu na ng'ombe. Akinywa maji ya chumvi, mwili hutumia maji mengine ili kuitoa chumvi hiyo, na kiu huongezeka. Kwa hiyo, mzee wetu, yawezekana kabisa mtu akae mtoni na aombe maji. Wale jamaa zetu waliomba maji wakiwa wameyazoea maji kupita mlangoni usiku na mchana.

Labda mtu atasema: hayo ni mapenzi ya Mungu, ukame huja na kuondoka. Ni kweli kwamba hakuna binadamu awezaye kuamuru mvua. Lakini nguvu ya mto haitokani na mvua peke yake; inatokana pia na yale tunayoufanyia njiani.

Tana hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na huenda karibu kilomita 1,000 kabla ya kufika baharini. Hata njia yake ya mwisho imeguswa na mikono ya watu, kwani katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni uliounganisha Tana na mto wa Ozi, na maji mengi yakaelekea Kipini. Katika karne ya 20 yakaja mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mabwawa hayo matano kwa pamoja yaweza kutoa karibu megawati 600 za umeme. Umeme huo huingia katika nyaya za nchi nzima, ukachanganyika na ule wa mvuke wa Olkaria na wa kwingineko. Kwa hiyo taa inayowaka usiku katika soko letu hapa Nyacheki, sehemu ya mwanga wake ni maji ya Tana.

Si hayo tu. Nairobi haiko kando ya Tana, lakini maji mengi inayokunywa hutoka katika vijito vya Tana, kama vile ya bwawa la Ndakaini katika mto Thika na bwawa la Sasumua. Nani kati yetu hana mtoto, au ndugu, au mpangaji mwenzake wa zamani aliyeko Nairobi? Kila afunguapo bomba anywe, hunywa maji ambayo yangeshuka mpaka Kipini.

Hatusemi haya ili kuyalaani mabwawa. Haki ni kuyasema yote mawili. Bwawa huweza kuweka akiba ya maji ya mvua na kuyaachilia wakati wa kiangazi, na maji hayo husaidia kuisukuma bahari nyuma. Lakini bwawa hupunguza mafuriko yale ya kila mwaka ambayo yaliosha chumvi majarubani na kuleta udongo mpya wa kuijenga delta. Tena ukame ukizidi, bwawa lenyewe huwa na kiu. Mwaka 1999 na 2000, mabwawa yalipopungua maji, umeme uligawiwa kwa zamu nchini. Wengi wenu mnaikumbuka giza ile. Mnajua mkubwa akilala na njaa mdogo hapati makombo. Na mto wa chini ni mdogo wa mto wa juu. Zaidi ya hayo, bahari yenyewe imeinuka duniani kote kwa sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu ya joto la dunia. Mto umepungua nguvu, na mpinzani wake ameongezeka kimo.

Wala Tana si peke yake. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Mto Pangani huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru. Maji yake hutumiwa na mashamba ya umwagiliaji, na bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale iliyofunguliwa mwaka 1964, na mingine iliyofuata. Mlangoni pake, Pangani, watu wameona chumvi ikipanda, wakulima wa minazi na mpunga wakapata hasara, na wachotaji maji wakalazimika kwenda juu zaidi. Katika Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1978, maji mengi ya mto yaligeukia upande wa kaskazini wa delta. Matawi ya kusini yakazidi kuwa ya chumvi, na wakulima wakahamia kaskazini, wakakata mikoko wapate mahali pa kupanda mpunga.

Hata mataifa yenye nguvu yamepatwa. Mwaka 2023, ukame uliupunguza Mto Mississippi wa Marekani, na bahari ikatambaa chini ya mto kuelekea mji mkubwa wa New Orleans. Wahandisi wa jeshi waliinua ukuta wa udongo chini ya maji, juu ya sakafu ya mto, ili kuizuia ile chumvi nzito huku meli zikipita juu yake. Na maji matamu yalipelekwa kwa mashua kwenye vituo vya maji vya sehemu za chini. Walikuwa wamefanya kazi kama hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Katika delta ya Mekong huko Vietnam, ukame wa mwaka 2016 na ule wa 2020 uliharibu mpunga mwingi kwa namna hiyo hiyo. Twataja haya ili pasiwe na mtu atakayesema kwamba jamaa zetu walipatwa na chumvi kwa uvivu au kwa ujinga. Ujinga ulikuwako, lakini ulikuwa wetu sisi tulionunua pampu bila kuuliza.

Sasa habari za baadaye. Katika zile nyumba nne, moja ilirudi nyumbani mwezi wa Desemba 2022, ikiwa na magodoro na masanduku mawili tu. Mnawafahamu, nao wamo humu ndani leo. Hatutawataja kwa majina. Moja ilihamia Garsen, ikaacha kilimo. Mbili zilibaki, na zimejifunza kwa wenyeji. Kwa kuwa wapo wanachama wengine wanaofikiria kwenda Pwani, tumeona vema kuyaandika hapa mambo waliyojifunza.

Kwanza, huonja maji kila mara kabla ya kuyatumia, na sasa wana kile chombo kidogo cha betri kipimacho chumvi, ambacho mwalimu mmoja alikinunua. Pili, huchota maji bahari inapokupwa, maana wakati huo mto huteremka kwa nguvu zaidi. Na katika mwezi huzipendelea siku za maji mafu, wakiziepuka za bamvua. Tatu, pampu ile ile bado wanayo, lakini mdomo wa mpira wameufungia dumu tupu badala ya jiwe, uelee karibu na uso wa maji. Nne, hawachimbi kisima kirefu karibu na mto. Katika nchi ile maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi hata ardhini, na kisima kikizidi kina au kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kukifuata. Tano, huvuna mvua ya paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, likinyeshewa milimita 20 usiku mmoja, laweza kutoa lita 1,000. Maji hayo huwekwa kwa kunywa na kupikia peke yake.

Na jaruba lililoingiwa na chumvi, je, limekufa milele? Hapana. Chumvi huoshwa kwa maji matamu mengi, mradi maji hayo yapate njia ya kutokea. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko katika nchi nzima ya Tana, na tena Aprili 2024. Yaliosha majaruba, lakini yalichukua miche na kubomoa nyumba za watu wengi. Hiyo ndiyo tabu ya mkulima wa mlangoni mwa mto. Katika miaka miwili alikosa mto, kisha akaupata wote siku moja.

Tena tusisahau kwamba mahali ambapo maji matamu yamepungua, watu hubanana. Mkulima huhama na mfugaji huhama, wakakutana penye maji yaliyobaki. Mwaka 2012 mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya mia moja, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Jamaa zetu walio huko ni wageni, na amani ya wenyeji ndiyo paa lao.

Ndugu wanachama, Waswahili husema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi hatujui chumvi hapa. Vijito vyetu huteremka kwenye Gucha, ambao huko chini huitwa Kuja, nao huishia katika Ziwa Victoria, ambalo maji yake ni matamu. Hakuna bahari ya kutupandia. Ndiyo sababu imekuwa rahisi kwetu kufikiri kwamba chemchemi ni mali ya mwenye shamba, na kwamba mtu akipanda mikalitusi mpaka ukingoni mwa kijito, au akikausha bonde la maji apate kufyatua matofali, hamdhuru mtu. Mwaka 2009 Serikali ilitoa amri mikalitusi iliyopandwa kando ya mito iondolewe. Tembeeni mtazame wenyewe amri hiyo imetimizwa kiasi gani katika mabonde yetu. Wazee waliopo hapa waweza kuzitaja chemchemi walizochota utotoni, na ambazo leo ni matope tu wakati wa Januari. Sisi tu watu wa juu. Kuna watu wa chini wasiotujua majina, ambao hupokea tunachowabakizia.

Basi tunaleta mbele yenu maazimio matatu.

La kwanza, deni la pampu lifutwe kwa nyumba zote nne. Mkopo hutolewa kwa mtu aliyeomba kitu na akakipata. Mama yule alitueleza kwamba maji yana chumvi; sisi tukampelekea chombo cha kuvuta maji hayo zaidi. Hasara hiyo ilitokana na shauri letu, na si haki mpunga uliokufa kwa shauri letu ulipwe na waliokufiwa na mpunga. Tunajua fedha hizo ni michango yenu, na kwamba katika mwaka ule wapo walionyimwa msaada kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Kwa hiyo sisi wa Halmashauri tuliokuwako wakati huo tumekubaliana kurudisha nusu ya fedha hizo kutoka mifukoni mwetu, katika muda wa miaka miwili. Nusu nyingine tunaomba Chama kiichukue.

La pili, tangu sasa pasitolewe mkopo wa kilimo kwa mwanachama aliye mbali mpaka Halmashauri iwe imepata neno la mtu mwenyeji wa mahali pale, na neno la mama wa nyumba ile, maana ndiye achotaye maji na kuyapika. Na neno hilo liandikwe katika kumbukumbu kabla fedha hazijatoka.

La tatu, kila kijiji chenye wanachama wetu kichague chemchemi moja mwaka huu, izungushiwe ua, mikalitusi iliyo karibu nayo iondolewe kwa mapatano na mwenye shamba, na miti ya kienyeji ipandwe. Mwenye shamba asipokubali, wazee waende kwake mara ya pili na ya tatu, pasiwe na matusi wala mahakama. Mwaka ujao kitabu hiki kitachapisha orodha ya chemchemi zilizotunzwa, na zile zilizoshindikana.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kura kupigwa, tunaomba yule mama aliyetupigia simu mwaka 2022 apewe nafasi aseme neno, ikiwa atapenda. Safari hii tutamsikiliza mpaka mwisho.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama